“Karatasi Yako Njoo Uichukue Loji”: Utasema Nini Akikuambia Wewe Kwanza?

Sheria ipo. Sera ipo. Dawati nalo lipo. Lakini binti akipatwa na jambo chuoni haendi huko kwanza. Anakuja kwako wewe dada yake, shoga yake, mchumba wake. Je, una la kumjibu?

Ilikuwa Ijumaa jioni, mimi na mume wangu tumekwama kwenye foleni ya Mwenge, tunakwenda kula kuku na chipsi kama kawaida yetu ya mwisho wa wiki. Simu yangu ikalia. Meseji kutoka kwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa hapa jijini.

“Dada shikamoo. Samahani kukusumbua. Kuna mwalimu kanipa sapu, nikamfuata kuuliza, kasema karatasi yangu anayo yeye. Anataka niifuate loji Sinza kesho saa moja usiku. Nifanyeje?”

Nikaisoma mara mbili. Nikamsomea mume wangu. Akaupiga usukani kofi.

“Si akamripoti!”

“Wapi?”

Akafungua mdomo. Akaufunga. Gari la nyuma likatupigia honi, tukasogea hatua mbili, tukasimama tena.

“Polisi,” akasema.

“Kwa kosa gani? Hajamgusa.”

“Basi kwa mkuu wa chuo.”

“Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaingiaje ofisini kwa mkuu wa chuo?”

Kimya. Na mimi nikanyamaza, kwa aibu zaidi kuliko yeye. Msomaji wangu, mimi nina shahada ya mawasiliano. Kwa miaka 8 nimekuwa nahariri kurasa za mapenzi. Nimewahi kuwaelekeza namna ya kumtambua mume msiri kwa jinsi anavyolaza simu kifudifudi mezani. Lakini binti wa damu yangu ananiuliza aanzie wapi, sina jibu!

Kilichoniuma zaidi ni kwamba haikuwa mara yangu ya kwanza kuulizwa.

NILICHOMJIBU RUMETI WANGU

Turudi nyuma mpaka mwaka 2009. Nipo chuo, hosteli, chumba kimoja watu wanne, vitanda vya dabo deka. Mimi nalala chini, juu yangu analala rumeti wangu, binti mpole kutoka Nyanda za Juu. Huyu tulikuwa tunachangia kila kitu: sabuni, mchele, mkoba wa kutokea, mpaka bumu likichelewa tunakopeshana nauli.

Usiku mmoja, taa zimezimwa, akaniita kwa sauti ya chini. Akaniambia mwalimu wetu mmoja anamsumbua. Anamwita ofisini wenzie wakishatoka. Siku hiyo alimshika mkono, akamwambia, “Wewe mbona mgumu? Kozi yangu watu hawapiti kwa kusoma tu.”

Unajua nilimjibu nini? Nakumbuka neno kwa neno.

Kwanza nilimuuliza, “Kwani ulimchekea?”

Halafu nikamwambia, “Mpotezee tu. Soma. Atachoka.”

Hakuongea tena. Nilisikia kitanda kikilia kidogo, akageukia ukutani. Asubuhi tuliamka, tukapika chai, mambo yakaendelea. Sikumuuliza tena na yeye hakuniambia tena. Muhula ulipoisha alipata sapu ya kozi ile ile. Akairudia, ikamshinda. Mwaka uliofuata alidisko, akafunga begi lake, nikamsindikiza Ubungo kupanda basi.

Siwezi kuapa mbele ya hakimu kwamba mwalimu yule ndiye aliyemfelisha. Sina ushahidi, na kwa kweli sikuutafuta. Ninachojua ni kwamba kati ya watu wote wa chuo kile aliniambia mimi kwanza, na mimi nikamfunga mdomo. Kwa maneno mawili tu: “Kwani ulimchekea?”

Ndiyo maana naandika makala hii. Tunazungumza sana kuhusu sheria na sera, na ni vizuri. Lakini ripoti nyingi hazifi ofisini. Zinafia chumbani, kwenye gari, kwenye simu, mbele ya mtu wa kwanza kuambiwa. Na mtu huyo mara nyingi ni mtu kama mimi na wewe, mwenye kazi yake nzuri, asiyejua chochote.

KWANZA TULIPE JINA

Kosa alilofanyiwa mdogo wangu lina jina, na si “usumbufu”. Linaitwa rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inasema mtu mwenye mamlaka akitumia mamlaka yake kudai ngono ili atoe ajira, cheo, haki au upendeleo wowote, ametenda kosa. Zingatia neno kudai. Si lazima awe amemgusa. Si lazima binti awe amekubali. Akishadai, kosa limekamilika. Sheria ilipopitishwa iliweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Wapo wanaosema faini hiyo ni mchezo kwa mtu mwenye mshahara mnono. Nakubaliana nao. Lakini kosa ni kosa, na wapo wahadhiri waliofikishwa mahakamani kwa kosa hilo.

Ya pili ni Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, wengi wanaiita SOSPA, iliyoingizwa kwenye Kanuni ya Adhabu. Hiyo ndiyo inayoshughulika na ubakaji, ambao adhabu yake kwa mtu mzima haipungui miaka 30 jela, na pia udhalilishaji wa kijinsia wa maneno na vitendo.

Na tusidanganyane, shoga yangu, kwamba wabaya wa chuoni ni wahadhiri peke yao. Kuna mwanafunzi mwenzake aliyemwekea kitu kwenye kinywaji. Kuna mwenye nyumba wa mtaani, maana si kila mtu anapata hosteli. Kuna boifrendi anayeamini kwamba akilipa kodi ya geto amenunua na mwenye kulala ndani. Kuwa wapenzi si kibali cha kudumu. Jana alikubali, leo amekataa: basi amekataa. Na vijana wa kiume nao yanawakuta, ila wao wananyamaza zaidi kwa kuogopa kuchekwa.

SI JAMBO LA JUZI

Wale wa umri wa mama zetu watakumbuka “Mzee Punch” pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walikuwa wanafunzi wasiojulikana, wanabandika ukutani michoro na matusi ya kumdhalilisha waliyemchagua, mara nyingi msichana. Mwaka 1990 mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kuandamwa hivyo. Kifo kile kiliamsha watu. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele kuhusu ukatili wa kingono miaka ile, hadi SOSPA ikapatikana mwaka 1998.

Ruka mpaka Novemba 2018. Rais John Magufuli anakwenda chuo hicho hicho kuzindua maktaba mpya. Mhadhiri mmoja, Dkt. Vicensia Shule, akaandika Twitter kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni. Nchi nzima ikazungumza. Naye akaitwa kujieleza.

Oktoba 2019 BBC wakatoa filamu yao ya uchunguzi kuhusu ngono kwa maksi. Waandishi wa kike walijifanya wanafunzi, wakarekodi kwa siri wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Lagos, Nigeria, na Chuo Kikuu cha Ghana. Mwandishi aliyeongoza kazi ile, Kiki Mordi, alieleza kwamba yeye mwenyewe aliacha chuo kwa sababu ya mhadhiri aliyemsumbua. Nilipomsikia nilimwona rumeti wangu na begi lake pale Ubungo.

Hapa kwetu, mwaka 2021, serikali ikazindua mwongozo wa kuanzisha madawati ya jinsia katika vyuo vya kati na vyuo vikuu. Yaani kila chuo kiwe na mahali panapojulikana na watu waliopewa kazi hiyo, ili mwanafunzi asianze kuzunguka kila ofisi akisimulia habari ile ile.

Kwa hiyo njia ipo. Tatizo ni nani anaijua.

“MADAWATI YAKO STOO”

Tuendelee na ile Ijumaa. Kuku hatukula. Tuliegesha gari pembeni, nikampigia mdogo wangu. Nashukuru Mungu kwamba safari hii sikuuliza kama alimchekea. Nilimwambia, “Nakuamini. Hutakwenda huko. Uko wapi, uko na nani?” Ndipo akaanza kulia. Alikuwa amekaa na hiyo meseji tangu asubuhi.

Kisha nikampigia rafiki yangu mwanasheria. Akatupa masharti matano, nami nakupa wewe bure:

Asifute kitu. Meseji, namba ya simu iliyopiga, saa. Apige skrinishoti na kuzituma kwenye simu nyingine, maana simu huibiwa na huanguka majini.

Asimtukane. Hasira zake zikiandikwa zitageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Amjibu kwa ufupi na kwa adabu. Mdogo wangu aliandika hivi: “Mwalimu, naomba niichukue karatasi ofisini saa za kazi.” Jibu lililorudi? “Wewe ndiye unajua unachotaka, sapu au kupita.” Mwanasheria akasema hapo ametuandikia mwenyewe.

Aandike kila kitu kwenye daftari siku hiyo hiyo. Tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa, nani alikuwa karibu. Baada ya miezi mitatu akili inachanganya Jumanne na Alhamisi, na wakili wa upande wa pili anasubiri hapo hapo.

Asiende peke yake popote, hata “kumaliza kiungwana”.

Jumatatu nikaomba ruhusa kazini, nikamfuata chuoni. Tukamuuliza kiongozi wa darasa lao dawati la jinsia liko wapi. Hajui. Tukamuuliza mlinzi wa getini, mzee wa watu, akatuangalia kwa huruma: “Madawati yako stoo, mwanangu. Mnataka mangapi?”

Tulicheka, jamani, hata katika hali ile. Lakini ukifikiri vizuri si kichekesho. Chuo kina maelfu ya wanafunzi, dawati lipo, na hakuna hata bango moja pale getini. Tulilipata baada ya nusu saa, ghorofa ya kwanza nyuma ya jengo la utawala, mlango umeandikwa kwa herufi ndogo.

Tulimkuta mama mmoja wa makamo. Akafunga mlango, akazima sauti ya simu yake, akamtazama mdogo wangu. Swali lake la kwanza: “Umekula, mwanangu?” Hakuwa amekula. Akatuagizia chai na chapati. Ndipo akaanza kuandika, taratibu, halafu akamsomea yote aliyoandika, akamuuliza kama ndivyo alivyosema. Mimi nilitakiwa kukaa nje wakati wa maelezo, nami nikakaa. Ni haki yake kusema bila dada kumsikiliza.

NJIA ZENYEWE NI HIZI

Mama yule alitueleza jambo ambalo wengi hatulijui: njia za kuripoti ni zaidi ya moja, na kuingia moja hakufungi nyingine.

Chuoni. Dawati la jinsia, au ofisi ya mshauri wa wanafunzi pale ambapo dawati halijasimama vizuri. Serikali ya wanafunzi inaweza kumsindikiza. Chuo ndicho chenye uwezo wa mambo ya haraka: karatasi isahihishwe na mwalimu mwingine, mwanafunzi ahamishiwe kundi lingine, mtuhumiwa aitwe kwenye kamati ya nidhamu. Omba kila kitu kwa maandishi na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Barua bila mhuri kesho itaambiwa haikufika.

TAKUKURU. Hii ndiyo ya rushwa ya ngono, namba 113, kupiga ni bure. Siri yake ni hii: piga kabla ya ile siku ya kuonana, usisubiri baadaye. Hawa wanaweza kuandaa mtego na kumkuta mtu pale pale alipoita. Ukiwafuata wiki moja baadaye kazi inakuwa ngumu zaidi, ingawa haijashindikana.

Polisi na hospitali. Hapa ni pale ambapo binti ameshaingiliwa au ameshambuliwa. Sasa saa ndiyo kila kitu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa unayowahi ni faida. Zikianza, zinamezwa kwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba nayo hufanya kazi vizuri zaidi ukiwahi. Asioge. Asifue. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe kwenye kanga safi, si mfuko wa plastiki, maana plastiki huleta unyevu na kuharibu ushahidi. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, hapo atapewa fomu ya PF3 ya kupelekea hospitali. Na baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na mtu wa ustawi wa jamii wako mahali pamoja, asirushwe huku na huku. Kama hali yake ni mbaya, kimbilia matibabu kwanza. Mengine yatamfuata hospitalini.

Na kama siku zimepita? Bado aende. Dawa huenda zimechelewa, lakini vipimo, ushauri nasaha na haki havijachelewa.

UGOMVI WETU WA NDANI YA GARI

Sasa niwaambie ukweli wa ndoa yangu. Tukiwa njiani kurudi nyumbani ile Ijumaa, mume wangu alisema sentensi iliyotufanya tununiane mpaka Jumapili.

“Lakini wapo wanaojipeleka wenyewe.”

Mume wangu si mtu mbaya. Naye alisoma chuo, aliona mengi, na najua wapo wanaume wengi wanaosoma hapa wanaotikisa kichwa kukubaliana naye. Basi nimjibu hapa kwa utulivu, kwa sababu kwenye gari nilimjibu kwa kelele.

Ndiyo, inawezekana yupo binti anayemfuata mwalimu kwa miguu yake. Lakini kalamu ni ya nani? Maksi 18 za huyo binti ziko mkononi mwa nani? Mwalimu anaweza kusema “hapana” na asipoteze chochote. Mshahara wake unaingia, jina lake linabaki. Mwanafunzi akisema “hapana” anaweza kupoteza mkopo, mwaka, na ndoto ya ukoo mzima uliochanga nauli. Huwezi kuwaita hao wawili wafanyabiashara wa soko moja.

Na hoja hii ya mume wangu iliwahi kufika bungeni. Mwaka 2024 ulipelekwa muswada wenye kipengele ambacho kingemfanya na anayetoa ngono kwa mwenye mamlaka ahesabiwe mkosaji. Mashirika ya kutetea wanawake yakapinga vikali. Fikiria mwenyewe: binti ameshatishwa, ameshashindwa, amekubali kwa kulia. Leo anataka kuripoti, sheria inamwambia njoo, ila na wewe utashtakiwa. Nani angekuja? Kipengele kile kikaondolewa.

“Na akimsingizia je?” mume wangu aliuliza Jumapili, kwa sauti ya upatanisho. Swali la haki. Ndiyo maana kuna uchunguzi, mume wangu. Ndiyo maana mtuhumiwa naye anaitwa, anasikilizwa, anaonyesha ushahidi wake. Mwalimu msafi analindwa na utaratibu kuliko anavyolindwa na kimya. Kimya kinamlinda mchafu tu. Na kumsikiliza binti hakumaanishi umeshamhukumu mtu. Wewe si hakimu. Wewe ni mtu wa kwanza kuambiwa.

YA KUMEZA NA YA KUSEMA

Kata ukurasa huu, bandika kwenye friji kama unataka.

Ukiambiwa, meza haya:

“Ulivaa nini?” Hata angevaa dera na juba, mwenye nia mbaya angekuwa na nia mbaya.

“Ulifuata nini huko?” Alifuata karatasi yake. Alifuata sherehe ya rafiki yake. Alifuata mpenzi wake.

“Kwa nini hukupiga kelele?” Woga huganda mwili. Muulize yeyote aliyewahi kuvamiwa na majambazi.

“Nitamuua!” Kaka zangu, hili ni lenu. Najua ni uchungu. Lakini ukishasema hivyo, yeye anaacha machozi yake na kuanza kukubembeleza wewe. Kesho hatakuambia tena. Na ukienda kumpiga mtu, usiku huo utalala mahabusu wewe, kesi ya maana imeshavurugika.

“Tusimwambie mtu, tutaaibika.” Aibu ni ya aliyetenda.

Badala yake sema:

“Nakuamini.”

“Si kosa lako.”

“Sasa hivi uko salama?”

“Unataka tuanzie wapi?” Angalia, unamuuliza. Ameshanyang'anywa uamuzi mara moja, usimnyang'anye mara ya pili kwa kumburura kituoni kabla hajawa tayari. Mweleze njia, mweleze habari ya saa 72, kisha mwache achague.

“Nitakwenda na wewe.” Hii, wapenzi wasomaji, ndiyo inayozidi zote. Mlango wa ofisi ni mzito sana ukiufungua peke yako.

IMEISHIA WAPI?

Karatasi ya mdogo wangu ilisahihishwa upya na mwalimu mwingine. Alipata 52, amepita. Si maksi za kuwekwa kwenye fremu, lakini ni zake, kazitolea jasho. Wiki ya pili yake alikubali mwenyewe kwenda TAKUKURU kutoa maelezo. Alisema mwanzoni jina lenyewe tu lilimtisha. Mpaka gazeti hili linakwenda mitamboni kamati ya chuo haijatoa uamuzi, na mwalimu bado anapita koridoni na funguo zake. Mdogo wangu anasema akimwona tumbo linamkata, halafu anakumbuka kwamba kuna faili lenye mhuri, na tumbo linatulia. Kwa hiyo siwaambii kwamba ukiripoti mambo yote yanakaa sawa. Yanachelewa, yanachosha, na wapo wenzake wawili walioacha kumsalimia.

Baada ya hapo nilifanya jambo nililoliahirisha miaka mingi. Nilitafuta namba ya rumeti wangu. Yuko mkoani, ana duka la sare za shule na watoto wawili. Tukasalimiana, tukacheka habari za dabo deka, halafu nikamwambia.

“Unakumbuka nilichokuuliza ule usiku?”

Kimya kikapita. Nikasikia cherehani nyuma yake ikisimama.

“Nakumbuka,” akasema. “Nilijiuliza mwaka mzima. Kama nilimchekea.”

Nikamwomba msamaha. Hakuniambia haina neno, na nashukuru hakuniambia hivyo. Alisema tu, “Huyo mdogo wako ulimwambiaje?” Nikamweleza. Akasema, “Basi vizuri. Waandikie na wengine.”

Nimeandika, shoga yangu.

Sasa zamu yako, msomaji. Usiku wa leo, kabla hujalaza simu yako kifudifudi, mtumie meseji mdogo wako, mpwa wako, au mchumba wako aliye chuo. Usimhubirie. Muulize tu: “Hivi dawati la jinsia hapo chuoni kwenu liko wapi?” Akijua, mpongeze. Akisema hajui, mwambie kesho alitafute, akuelekeze na wewe. Siku ikifika, na Mungu aepushe isifike, mtu wa kwanza kuambiwa atakuwa na la kujibu.